Simu ilipodhani shangazi amevuka mpaka

Shangazi yangu anaishi Mbuba, wilaya ya Ngara. Mwaka juzi alikuwa na miadi ya kliniki ya macho Mwanza, miadi aliyoisubiri kwa miezi. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na nusu alfajiri, kwa hiyo siku moja kabla alienda kulala Kabanga kwa binti yake, karibu na stendi. Kabla ya kutoka Mbuba aliseti alamu ya simu iamshe saa kumi kamili, yaani 04:00 kwenye kioo cha simu.

Alamu ikalia. Akaamka, akanawa uso, akabeba begi lake mpaka stendi. Simu inasoma 04:20, giza bado nene, lakini stendi kimya. Mlinzi akamwambia, "Mama, gari la Mwanza limeshaondoka. Sasa hivi ni saa kumi na moja na dakika ishirini."

Alisafiri kesho yake, lakini nafasi yake kwa daktari ilikuwa imepita. Akapangiwa tarehe nyingine, wiki tano mbele. Nyumbani wote tulisema kitu kimoja: shangazi amekosea kuseti alamu. Yeye akashikilia msimamo wake: "Mwanangu, mimi niliweka saa kumi. Simu ndiyo imenidanganya." Mchana tukaikagua ile simu. Saa sahihi, alamu imeandikwa 04:00, hakuna tatizo lolote. Basi, lawama zikabaki kwake.

Nilikuja kumwelewa baadaye sana, niliposoma somo ambalo jina lake linatisha kuliko lenyewe lilivyo: modeli rasmi za mifumo ya kompyuta inayotambua muktadha. Leo nataka tulielewe somo hilo kwa kutumia kesi ya shangazi. Hesabu itakuwepo kidogo, lakini ukijua kuzidisha kwa mbili inatosha.

Muktadha ni nini kwa kompyuta?

Sisi binadamu tunaishi kwa muktadha bila hata kujua. Nikikwambia "tuonane saa mbili", hujiulizi kama ni asubuhi au usiku. Unaangalia tunaongelea nini, nani anaongea, na sasa hivi ni saa ngapi, halafu unajua. Kompyuta ya zamani haikuwa na akili hiyo. Ulikuwa unaiambia kila kitu.

Mwaka 1991 Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC, Marekani, aliandika makala akitabiri kwamba kompyuta zitaenea kila mahali na kufanya kazi kimyakimya bila kumsumbua mtu. Kipindi hichohicho, Cambridge nchini Uingereza, maabara ya Olivetti ilikuwa inawavalisha wafanyakazi beji ndogo zinazotuma ishara kila baada ya sekunde 15 hivi. Mfumo ukawa unajua nani yuko chumba gani, na simu yake ikipigwa inaelekezwa kwenye chumba hicho. Mwaka 1994 Bill Schilit na Marvin Theimer wakaupa utafiti wa aina hii jina la kompyuta inayotambua muktadha. Halafu mwaka 2001 Anind Dey akatoa maana inayonukuliwa mpaka leo. Kwa maneno yangu ni hivi: muktadha ni taarifa yoyote inayosaidia kueleza hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika na kazi anayoifanya mtumiaji na programu yake.

Simu ya shangazi ni mtoto wa wazo hilo. Ikiwa imewashwa "saa ya kujiseti yenyewe", haimuulizi mwenye simu yuko nchi gani. Inajitafutia jibu.

Inajitafutia wapi?

Inaliuliza mnara. Kila mnara wa simu hutangaza namba ya nchi yake. Tanzania ni 640, Rwanda ni 635, Burundi ni 642. Simu ikishajisajili kwenye mtandao fulani, mtandao huo unaweza kuitumia pia saa pamoja na ukanda wa saa. Tanzania iko ukanda wa +3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, ile inayoitwa UTC. Rwanda na Burundi ziko +2.

Sasa itazame Ngara kwenye ramani. Kaskazini kuna Rusumo na daraja la kwenda Rwanda. Magharibi kuna Kabanga, ukivuka tu uko Kobero, Burundi. Nchi yenyewe ni milima na mabonde. Mawimbi ya simu hayana pasipoti: mnara ulio juu ya mlima ng'ambo unaweza kusikika vizuri kwenye kitanda chako kuliko mnara wa kwenu uliojificha nyuma ya kilima. Na mnara wa kwenu ukizimika usiku, simu iliyoruhusiwa kutumia mtandao wa nje itashika wa jirani bila kukuamsha.

Hicho ndicho kinachoeleza usiku ule. Simu ikashika mnara wa Burundi, ikapokea saa ya Burundi, ikarudi nyuma saa nzima. Ilipofika 04:00 kwenye kioo, Tanzania ilikuwa 05:00. Baadaye ikarudi kwenye mtandao wa nyumbani, saa ikajirekebisha, na ushahidi wote ukafutika. Hata giza halikumsaidia shangazi. Ngara iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa nyuzi kama 8 na nusu za longitudo, kwa hiyo jua huchomoza karibu dakika 35 baadaye. Saa kumi na moja na nusu ya Kabanga bado ni giza.

Angalia kwamba hakuna kilichoharibika. Mnara wa Burundi ulitoa saa sahihi ya Burundi. Simu ilifuata maelekezo yake. Alamu ililia 04:00 kama ilivyoagizwa. Kila kipande kimefanya kazi yake, na mgonjwa amekosa basi. Makosa ya aina hii ndiyo modeli rasmi zilitengenezewa.

Tutengeneze modeli

Modeli rasmi ni maelezo ya mfumo yaliyoandikwa kwa lugha isiyo na utata, kiasi kwamba kompyuta inaweza kuyakagua yote. Unahitaji vitu vitatu: hali ambazo mfumo unaweza kuwa nazo, kanuni za kutoka hali moja kwenda nyingine, na sharti ambalo halitakiwi kuvunjwa kamwe.

Tuanze na hali. Mimi nitachukua vitu vitano tu, kila kimoja kina majibu mawili:

MAHALI: mtu yuko Tanzania, au yuko ng'ambo.
MNARA: simu imeshika wa Tanzania, au wa jirani.
SAA: kioo kinaonyesha +3, au +2.
OTOMATIKI: imewashwa, au imezimwa.
MTU: yuko macho, au amelala.

Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili: hali 32. Mfumo wetu mzima ni huo.

Sasa kanuni:

1. MNARA unaweza kubadilika wakati wowote, hata kama mtu hajasogea.
2. OTOMATIKI ikiwa imewashwa, SAA inafuata MNARA.
3. MAHALI panabadilika tu mtu akiwa macho. (Pale Rusumo lazima ushuke kwenye gari ukagongewe pasipoti, kwa hiyo naona ni sawa.)
4. Mtu anaweza kulala na kuamka, na anabadilisha mipangilio akiwa macho tu.

Mwisho, sharti: *daima, kama MTU amelala, SAA iendane na MAHALI.* Aliyelala hawezi kujitetea. Anaitegemea simu.

Neno "daima" hapo lina uzito. Mwaka 1977 Amir Pnueli alipendekeza kutumia mantiki ya wakati, yenye maneno kama "daima" na "hatimaye", kueleza tabia za programu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1996. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Edmund Clarke na Allen Emerson kwa upande mmoja, na Joseph Sifakis na mwenzake kwa upande mwingine, wakaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kupita kwenye hali zote za modeli na kusema kama sharti linashika au la. Clarke, Emerson na Sifakis walipata tuzo hiyohiyo mwaka 2007. Njia yao inaitwa ukaguzi wa modeli.

Uzuri wake ni kwamba sharti likivunjika haikwambii tu "hapana". Inakupa njia yenyewe, hatua kwa hatua. Kwa modeli yetu njia ni hii:

Mwanzo: yuko Tanzania, mnara wa Tanzania, +3, otomatiki imewashwa, yuko macho.
Hatua ya 1: analala.
Hatua ya 2: mnara unakuwa wa jirani.
Hatua ya 3: saa inakuwa +2. Sharti limevunjika.

Hatua tatu. Shangazi hayumo kwenye hata moja kama mkosaji. Alicholifanya yeye ni kulala.

Kwanini waliotengeneza hawakuona?

Fikiria mtu anaijaribu simu hii Dar es Salaam. Yuko Tanzania, mnara ni wa Tanzania, saa ni +3. Vinavyobaki kubadilika ni OTOMATIKI na MTU tu. Mbili mara mbili, hali 4 kati ya 32. Anaweza kuijaribu mwaka mzima, asubuhi na jioni, akapata majibu mazuri kila siku, na asiguse kabisa zile hali 28 zilizobaki. Watu wa Ngara, ambao kwake ni "pembezoni", wanaishi ndani ya hizo 28.

Kujaribu kunakuonyesha ulichokutana nacho. Ukaguzi wa modeli unapita mpaka usikokuwa na mpango wa kwenda.

Turekebishe basi

Hapa ndipo modeli inapolipa. Tunajaribu dawa kwenye karatasi kabla ya kuijaribu kwa mgonjwa.

*Dawa ya kwanza: zima otomatiki kabisa.* Shangazi anapona. Lakini modeli inaleta njia nyingine: mtu yuko macho, anavuka Rusumo, analala Kigali, saa bado ni +3. Sharti limevunjika. Dereva wa lori ataamka saa nzima kabla ya wakati. Tumehamisha tatizo kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

*Dawa ya pili: simu isubiri nusu saa kabla ya kuuamini mnara mpya.* Inasaidia pale mawimbi yanapoyumba kwa dakika mbili tatu. Lakini kanuni ya 1 haikusema mnara wa jirani utaondoka haraka. Unaweza kukaa nao usiku kucha. Njia ya kosa ni ileile, imeongezwa kusubiri tu.

*Dawa ya tatu: simu ikisikia mnara mpya isibadilishe saa mpaka mtu akiwa macho ajibu swali, "Je, umevuka mpaka?"* Mimi niliipenda hii. Aliyelala haulizwi, saa haibadiliki usiku, shangazi anapanda basi. Nikadhani nimemaliza kazi. Ukaguzi ukaniletea hii: dereva yuko macho, anavuka daraja kwenda Rwanda, lakini simu *bado imeshika mnara wa Tanzania* kwa sababu mawimbi yanafika upande wa pili. Mnara haujabadilika, kwa hiyo swali haliulizwi. Analala ng'ambo, saa ni +3. Sharti limevunjika.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimekazana na mtu ambaye hakuvuka lakini simu ikadhani amevuka. Nikamsahau aliyevuka na simu ikadhani hajavuka. Ni kosa lilelile limegeuzwa.

Ukizitazama dawa mbili za mwisho kwa pamoja, utaona zina ugonjwa mmoja: zote zinaamini kwamba mnara unajua mtu alipo. Mnara unajua mnara uliko. Hapo katikati kuna dhana ambayo hakuna aliyeiandika popote, na tunapoandika modeli tunalazimika kuiandika, ndipo tunaiona.

Na GPS je? Inaweza kukaribia mahali halisi zaidi, lakini ndani ya nyumba husuasua, na wengi huizima kutunza chaji. Ukiiongeza kwenye modeli lazima uandike pia "GPS haipatikani", na usiku ule unarudi palepale.

*Dawa ya nne: alamu ibebe ukanda wake yenyewe.* Unapoiseti, inahifadhiwa kama "saa 04:00 ya Tanzania". Ndani ya simu hiyo ni 01:00 ya UTC, na hapo minara ya nchi zote tatu inakubaliana, maana UTC ni moja. Kioo kinaweza kuonyesha +3 au +2, mnara ubadilike mara kumi, alamu haijali. Sharti nalo linabadilika: *daima, alamu ilie kwenye dakika ileile aliyoikusudia aliyeiseti.* Kwenye hali zote 32 sharti hili linashika, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vitu vile vitano kinachoigusa alamu tena.

Ina gharama yake. Anayesafiri kweli kwenda Kigali kwa mwezi mzima, na anataka aamshwe saa kumi na mbili asubuhi ya huko, itabidi aseme hivyo. Programu nyingi za kalenda kwenye simu tayari huhifadhi ukanda wa saa wa tukio. Alamu ya kawaida, kwa mazoea, hufuata kioo.

Kinachonifurahisha ni kwamba dawa ya nne haikuhitaji shahada. Nenda Rusumo ukapange kuonana na mfanyabiashara wa upande wa pili. Ukisema "saa nne" tu, utaulizwa: ya kwetu au ya kwenu? Watu wa mpakani wanaitaja saa pamoja na nchi yake. Wamejua zamani kwamba saa bila mahali haijakamilika. Simu ndiyo ilikuwa haijafundishwa.

Zaidi ya alamu

Modeli ya vitu vitano unaweza kuikagua kwa kalamu. Mifumo halisi ni mikubwa zaidi. Ongeza vitu kumi vya ndiyo au hapana (chaji, laini ya pili, GPS na kadhalika), hali zinakuwa 32,768. Ongeza ishirini, zinafika 33,554,432. Wataalamu wanauita mlipuko wa hali, na umekuwa mzigo mkubwa wa fani hii tangu mwanzo. Mwaka 1990 Clarke na wenzake walionyesha jinsi ya kuzishika hali kwa makundi badala ya mojamoja, wakaweza kukagua modeli zenye hali zaidi ya 1 ikifuatiwa na sifuri 20. Siku hizi zipo programu za bure za kazi hii, kama SPIN, NuSMV na TLA+, na zinafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Wapo pia waliotafuta lugha inayofaa zaidi vitu vinavyohama. Mwaka 1998 Luca Cardelli na Andrew Gordon walibuni hesabu ambamo kila kitu kina mipaka yake na kinaweza kuingia au kutoka ndani ya kingine, kama mtu ndani ya basi, na basi ndani ya nchi. François Siewe na wenzake wakaiendeleza ili kitu kiweze kwanza kuuliza "niko ndani ya nini, nimezungukwa na nani?" kabla ya kutenda. Kwa hesabu hiyo, kuvuka daraja la Rusumo ni mstari mmoja.

Nisikudanganye lakini: modeli inajua ulichoiandikia tu. Kanuni yangu ya 3 inasema mtu havuki mpaka akiwa amelala. Kama kuna mtoto mgongoni mwa mama yake, kanuni hiyo ni ya uongo, na majibu yote niliyopata hayamhusu mtoto huyo. Mashine inakagua hoja. Kuijua dunia bado ni kazi yetu, na hapo mtu wa Kabanga ana elimu ambayo mtengeneza programu aliye mbali hana.

Mifumo inayokisia hali zetu inazidi kuongezeka: ujumbe wa kukumbusha kliniki, huduma za fedha zinazokataa muamala kwa sababu "uko nje ya nchi", programu zinazochagua lugha kwa kuangalia ulipo. Kila mmoja una dhana yake iliyojificha, na dhana hizo huvunjika kwanza pembezoni, mipakani, kwa watu ambao hawakuwepo wakati wa majaribio. Halafu mtu huyo ndiye anaambiwa amekosea kuseti.

Kama uko Ngara, au karibu na mpaka wowote wenye saa tofauti, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima ukanda wa otomatiki, chagua wewe mwenyewe saa ya Tanzania. Ukisafiri, kumbuka kuibadilisha. Ni dawa ya kwanza ile, ina kasoro tuliyoiona, lakini kwa anayelala nyumbani kwake inatosha.

Shangazi nilimfanyia hivyo likizo iliyopita. Nilimchorea na zile hatua tatu kwenye karatasi. Akazisoma polepole, akanirudishia karatasi, akasema, "Si niliwaambia?"